Kumi na Sita wa Wemmer Pan

Jumamosi, 26 Oktoba. Kensington

Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri, kwa radi na kishindo kama ilivyo desturi ya Johannesburg, kisha ikakoma ghafla kana kwamba mtu amefunga bomba. Naifanya kuwa mwanzo wa shajara hii. Mwisho wake utakuwa pale mvua zitakapokatika, na kufikia hapo nitakuwa nimejua kama sura ya saba ya kitabu changu ni elimu au ni ndoto ya mtu asiyewahi kushika kasia.

Sura hiyo inahusu merikebu kubwa za vita za Wayunani. Wafalme waliogawana milki ya Aleksanda walishindana kuziunda: ya tano, ya saba, ya kumi na sita, hatimaye ya arobaini. Namba hizo hazihesabu tabaka za makasia, kwa maana merikebu yenye tabaka arobaini ingepinduka kabla ya kutoka bandarini. Zinahesabu watu. Katika "kumi na sita", kwa rai yangu, makasia mawili yalikaa moja juu ya jingine, kila moja likivutwa na watu wanane. Aliyehitaji ufundi ni mmoja tu, yule wa ncha ya ndani. Saba waliosalia walitoa nguvu. Kwa hiyo mfalme aliweza kuchukua watu wa kawaida, wa sokoni na wa mashambani, akawafanya wapiga makasia kwa msimu mmoja.

Profesa Levi haamini. Yeye ni Mkenya, tuko naye idara moja, msomi mwenye kusoma sana na kukubali kidogo. Na ndiye mhariri wa mfululizo utakaotoa kitabu changu. Jana alinirudishia mswada.

"Mayasa, umeandika vizuri mno," alisema. "Hilo ndilo linalonitia shaka. Wanane wasiofunzwa, wainuke pamoja, waketi pamoja, kwa msimu mmoja? Watavunjana meno."

"Nikikuonyesha je?"

"Ukinionyesha, inabaki. Usiponionyesha, unaifuta."

Tumekubaliana hivi: chelezo chenye makasia mawili, watu wanane kwa kila kasia, kivuke bwawa la Wemmer Pan kutoka ukingo mmoja hadi wa pili bila kupinda, kabla ya mwisho wa Machi. Sura hiyo imenichukua miaka tisa.

Jumapili, 3 Novemba

Nahitaji watu kumi na sita. Najua, kwa jumla, wawili.

Jumamosi, 9 Novemba

Jirani yangu Nyambura, mkaguzi wa hesabu za benki na mwanamke asiyekubali neno "haiwezekani" kabla ya chai, amenitatulia. Anasali katika kanisa dogo la La Rochelle ambako ibada ni ya Kiswahili, Wakenya wachache na Wakongo wengi. Kwaya yao hufanya mazoezi Jumamosi, na bwawa liko mwendo wa miguu tu kutoka hapo.

"Nimewaambia kuna mwalimu Mwislamu wa Tanga anataka kuwatia kwenye meli ya vita," alisema. "Wameuliza swali moja tu."

"Lipi?"

"Kama kuna chakula."

Nimeahidi pilau kila Jumamosi.

Jumamosi, 16 Novemba. Wemmer Pan

Chelezo kiko majini: mapipa ya plastiki, mbao za jukwaa la ujenzi, benchi mbili ndefu, na makasia mawili ya msonobari, kila moja likiwa thuluthi moja ndani na thuluthi mbili nje, yamefungwa kwenye vigingi kwa vishwara vya kamba. Naandika kwa ajili ya usahihi kwamba haya si kama yalivyokuwa katika "kumi na sita" halisi, ambamo makasia yote mawili yalikuwa upande mmoja. Mimi nimeweka moja kila upande, la sivyo tungezunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

Namna ya kuvuta ni hii. Wanane husimama, husonga hatua moja kwenda mbele wakilisukuma kasia, kisha hujitupa nyuma kuketi kwenye benchi, na uzito wa miili yao ndio unaovuta. Mimi nasimama nyuma, tezi, nikigonga vipande viwili vya mbao.

Wakenya wamechukua upande wa kushoto chini ya Nyambura. Wakongo wako kulia chini ya Papa Alexis, kiongozi wa kwaya, fundi cherehani, mzaliwa wa Lubumbashi, mwenye suti ya kijivu hata majini. Pembeni yake yuko Murielle, mke wa mwanawe, msusi wa Yeoville, mwenye mikono niliyoiona na kufurahi kisayansi.

Tumevuka mita thelathini hivi na kugeukia kulia hadi tukawa tunatazama tulikotoka.

"Huko kulia mnalala?" Nyambura aliwaita.

"Ninyi muko na haraka ya benki," Murielle alijibu. "Siye tunavuta na heshima."

Nimeandika kuwa ni mzaha. Pilau imekwisha yote.

Jumamosi, 23 Novemba

Tumegeukia kulia.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua ya mawe. Hakuna zoezi. Pilau tumeila kanisani, na nimefundishwa wimbo mmoja ambao sitaukariri hapa.

Jumamosi, 7 Desemba

Kulia tena. Nimefanya jaribio la kwanza la kweli: nimebadilisha makasia, la kulia nikalipeleka kushoto. Chelezo kimegeukia kulia vilevile. Kasia halina kosa.

Papa Alexis aliniuliza, kwa upole unaokera, "Mama Professeur, huenda maji ndiyo inapenda upande ule?"

Nilimweleza kwamba bwawa halina mkondo wa kutosha. Alisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, kisha akasema, "Voilà. Lakini inapenda."

Jumamosi, 14 Desemba

Nimebadilisha watu. Wakenya kulia, Wakongo kushoto. Tumegeukia kushoto.

Tatizo basi linawafuata Wakongo. Nimelisema hilo kwa sauti, jambo ambalo halikuwa la busara.

"Sasa ni sisi ugonjwa?" Murielle aliuliza, mkono kiunoni.

"Ni takwimu," nilisema.

"Dada," Nyambura aliingilia akicheka, "mwambie Mwalimu takwimu yake akaipike."

Wote wamecheka, pande zote mbili. Nimebaini kwamba nilikuwa nikiwangojea wakasirike, na hawakukasirika. Nafunga hadi Januari. Nusu ya Wakenya inaenda Nakuru na Eldoret kwa Krismasi.

Jumamosi, 11 Januari

Tumerejea, kila kundi upande wake wa zamani. Wanene zaidi. Kulia.

Jumamosi, 18 Januari

Levi alifika bila kualikwa, akasimama ukingoni na mwavuli. Alitutazama tukichora nusu duara, akaondoka bila kusema neno. Ningependelea aseme.

Jumamosi, 25 Januari

Naandika kwa utulivu, kwa sababu nimekwisha kucheka, na kucheka peke yangu nyumbani si tabia yangu.

Leo nilimwomba mtu mmoja ukingoni aturekodi kwa simu. Jioni nimeitazama filamu hiyo nikiwa nimezima sauti, benchi ya Wakongo peke yake, mara nyingi. Kuinuka wanainuka pamoja. Kasia wanalisukuma pamoja. Kasoro iko katika kuketi. Papa Alexis anaketi kwanza. Kwa umri wake magoti yake hayamruhusu kujitupa, anajishusha taratibu. Kisha anaketi mzee wa pili, kisha wa tatu, na hivyo hivyo hadi Murielle, mdogo wao, ambaye ananing'inia hewani na mikono yake yote ile ya ajabu hadi baba mkwe wake amekwisha kutulia. Wanaketi kwa mpangilio wa umri. Hakuna hata mmoja anayekosea.

Wakenya hawana tatizo hilo kwa sababu wote ni rika moja. Walisoma pamoja, wanaitana majina ya utani.

Miezi mitatu nimepima mbao, kamba, maji na upepo. Sikupima adabu. Na sababu yake naijua: sikuiona. Wiki iliyopita nilialikwa nyumbani kwa Papa Alexis, na nilisimama mlangoni mwa sebule na sahani mkononi mpaka yeye alipoketi. Ningekuwa kwenye benchi ile, ningekuwa wa saba kuketi.

Jumamosi, 1 Februari

Nimewaeleza. Kulikuwa na kicheko kirefu, kisha mjadala.

"Ni kweli," alisema Papa Alexis. "Sasa miye mwenyewe ninawapa ruhusa. Kuanzia leo, kila mutu aikale bila kuningojea."

"Asante, Papa," walijibu wote saba.

Nikagonga mbao. Wakainuka, wakasukuma, na wakaketi: Papa, wa pili, wa tatu.

"Murielle!" nilisema. "Amekuruhusu!"

"Ameniruhusu, ndiyo. Amesema vizuri sana." Alijifuta jasho. "Lakini Mama Mayasa, mimi niikale, na yeye angali wima? Baba mkwe? Watu wa La Rochelle watasema nini?"

"Watu wa La Rochelle hawapo hapa."

Alinionyesha kwa kidevu upande wa kushoto, Wakenya wanane wakiwa wamegeuza shingo. "Na hawa?"

"Sisi hatujaona kitu," Nyambura alisema.

"Munaona kila kitu."

Jumamosi, 8 Februari

Papa Alexis, bila kuombwa, amejitoa. Alisema amezeeka, kwamba elimu isikwame kwa ajili ya magoti ya mzee mmoja. Akampa nafasi yake kijana mmoja wa kwaya, wa sauti ya tatu, akabaki ukingoni. Nilikubali haraka kuliko ilivyofaa. Aliondoka akiwa amenyoosha mgongo, na nilimwona akikunja koti la suti yake kwa namna ya mtu anayetafuta kazi ya mikono yake.

Matokeo: hakuna aliyeketi. Sikukosea kuandika. Benchi yote ya kulia iliinuka, ikasukuma, ikabaki wima ikitazama ukingoni, kwa sababu ukingoni Papa Alexis alikuwa amesimama.

"Mleteeni Papa kiti!" Nyambura alipiga kelele.

Kiti kilipatikana kutoka kwa wavuvi wa Jumamosi. Papa akaketi. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Novemba, makasia yote mawili yaliingia majini kama kitu kimoja. Chelezo kilinyooka, maji yakaanza kusema chini ya mbao. Niliona ukingo wa mbele ukija. Nadhani nilipiga ukelele.

Naye alifurahi. Akaruka kutoka kitini, mikono juu: "Voilà! Voilà batoto yangu!"

Benchi ya kulia ikasimama kwa heshima, yote, katikati ya mvuto. Kasia likakwama, mshindo wake ukawatupa wawili majini. Hakuna aliyeumia. Waliopolewa wakicheka hadi wakashindwa kupanda.

Jioni nilimpigia Papa Alexis simu. Nilimwambia jaribio la kumtoa lilikuwa kosa langu la kimbinu, na kwamba namtaka benchini Jumamosi ijayo.

"Kosa ya nini?"

"Ya kimbinu."

"Eeh," alisema. "Basi nitakuja na kofia."

Jumamosi, 15 Februari

Kofia ni nzuri. Kulia.

Alhamisi, 20 Februari

Levi ameniuliza kwenye ngazi za idara kama nimeanza kuandika sura ya saba mpya, ya kujaza pengo. Nilimjibu kwamba mvua bado inanyesha.

Jumamosi, 22 Februari

Kabla ya kila zoezi Papa Alexis huomba. Mimi husimama pembeni kwa adabu, macho wazi, maana si ibada yangu. Leo aliomba muda mrefu: aliombea wagonjwa, wasafiri, karatasi za ukimbizi, jamaa walioko Goma, na "merikebu hii isiyotaka kunyooka". Wote kumi na sita walikuwa wamesimama chelezoni wamefumba macho. Mvua ya mawe madogo ikaanza. Hakuna aliyefungua jicho. Kwao, macho hayafunguki kabla ya Amina.

Na mimi, peke yangu niliyekuwa naona, niliona hili: magoti yakamchosha Papa, akaketi kimyakimya huku akiendelea kuomba. Lakini hakuwa wa kwanza. Murielle alikuwa amekwisha kuketi zamani, tangu kwenye wagonjwa. Hakumsubiri mtu. Ameketi kwa raha kamili mbele ya baba mkwe aliyesimama, na mbingu haikuanguka, ila zile barafu.

Heshima yao inapita machoni. Asiyeona hana wa kumtangulia.

Nami nilikuwa nimeliandika jibu mwenyewe katika ukurasa wa pili wa sura ya saba! Merikebu kubwa zilizibwa kwa mbao ubavuni na kufunikwa sitaha juu, ili mishale isiwafikie wapiga makasia. Ndani mlikuwa na giza. Nimelitaja giza hilo kama shida waliyovumilia. Haikunipitikia kwamba huenda liliwafaa.

Walipoitikia Amina niliwaeleza, maji yakinitiririka shingoni. Vute nikuvute ikaanza.

"Kufumba macho ya maombi kwa mchezo?" mmoja wa Wakongo alisema. "Hapana. Ni kumdhihaki Mungu."

"Unaweza kufumba tu, bila maombi," Nyambura alisema.

"Nikifumba bila maombi nitachungulia," Murielle alisema. "Najijua."

Wote wakamgeukia Papa Alexis. Alivua kofia, akaipangusa, akaivaa.

"Hatutafanya mchezo," alisema. "Tutaomba kweli. Nitaanza maombi ukingo huu, na sitayafunga. Tutavuta ndani ya maombi. Amina itasemwa ng'ambo."

"Na nani, Papa, kama wote tumefumba?"

"Na yule anayeona." Akanitazama. "Hata kwenu kuna Amina, Mama Mayasa?"

"Ipo," nilisema.

"Basi."

Jumamosi, 1 Machi

Moja kwa moja. Nusu ya bwawa, kisha nikasema Amina kwa sababu radi ilikuwa karibu. Walipofungua macho na kuona walipofika, wakaanza kuimba, na hakuna aliyetaka kushuka. Nyambura amenikumbatia na nguo zake mbichi. Nimeruhusu.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua siku nzima. Pilau tu.

Jumamosi, 15 Machi

Robota, yaani taa za barabarani, zote za kusini zimezimika, nusu ya watu wamechelewa. Robo tatu ya bwawa. Moja kwa moja.

Jumamosi, 22 Machi. Wemmer Pan

Anga safi, upepo mdogo wa mashariki. Levi alisimama ng'ambo, katika nyasi, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani. Kanisa zima lilikuwa limekuja, na wavuvi, na watu nisiowajua kutoka Rosettenville.

Papa Alexis alifungua maombi. Hakuombea kitu kikubwa. Aliomba tu watu hawa wavuke. Kisha akanyamaza bila kuyafunga, na katika ukimya ule niligonga mbao.

Watu kumi na sita waliinuka wamefumba macho, wakasonga hatua, wakajitupa nyuma. Sauti ya kuketi kwao ilikuwa moja. Sijawahi kuisikia hapo kabla, ile sauti moja, nimeisoma tu. Makasia yakaingia, chelezo kikaruka mbele, na mstari wa povu nyuma yangu ukabaki umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Murielle aliketi kabla ya Papa. Papa aliketi kabla ya mzee wa pili. Mvuto uliofuata ukawa kinyume, na hakuna aliyejua ila mimi. Nyuso zao zilikuwa zimetulia kabisa, nyuso za watu wanaozungumza na mtu wanayemwamini. Novemba niliwaona kuwa ni uzito na urefu wa mkono. Leo nilimjua kila mmoja kwa pumzi yake.

Katikati ya bwawa niliacha kugonga. Hawakuhitaji.

Ukingo ulikuja. Nilipaswa kusema Amina pale mita ishirini kabla. Nilifungua kinywa, na sauti haikutoka. Sina maelezo ya kimbinu. Nilisimama tezi na mbao zangu mbili, mashavu yamelowa, nikiwatazama wakivuta na kuvuta.

Mapipa ya mbele yalipanda kwenye nyasi. Chelezo kikaegemea matope na kusimama. Wao hawakusimama. Hakuna aliyesema Amina, basi waliinuka, wakasonga, wakajitupa nyuma, wakivuta tope na majani, kwa imani yote, macho yamefumbwa, wakimrushia matope Profesa Levi aliyekuwa hatua chache mbele ya chelezo. Alirudi nyuma mara moja, mara mbili. Alipangusa miwani. Aliwatazama, akanitazama mimi niliyeshindwa kusema, akaelewa.

Akavua kofia yake.

"Amina!" alisema kwa sauti kubwa.

"Amina!" waliitikia wote kumi na sita, wakafungua macho, wakamkuta yeye.

Kelele iliyofuata sitaiandika, haina tahajia. Mtu alipiga ngoma, Nyambura alimbeba Murielle mgongoni, wavuvi walidai kiti chao na wakapewa pilau. Levi alisimama katikati ya hayo na suruali ya tope, kisha akanijia.

"Inabaki," alisema.

"Najua."

"Watakaporudi ng'ambo, naweza kuketi?"

Nyambura alimpa nafasi yake, lakini yeye alitaka kulia, kwa Wakongo. Papa Alexis alimpokea kwa mikono miwili, akamwonyesha nafasi aliyoachiwa benchini, wala yeye hakuketi.

"Profesa, umezaliwa mwaka gani?"

"Hamsini na saba."

"Eish," alisema Papa Alexis, akainama kidogo. "Miye hamsini na tisa. Tangulia, kaka."

Benchi nzima ikabaki wima, ikimngojea Levi. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akawaona wote saba wamesimama kwa ajili yake, na nilimwona mwanazuoni yule akilielewa tatizo langu la miezi mitatu katika kitambo cha kupepesa jicho. Alicheka hadi akaketi bila kukusudia.

Jumapili, 30 Machi. Kensington

Wiki nzima haikunyesha. Levi ameirudisha sura ya saba bila alama nyekundu, isipokuwa pembeni mwa ukurasa wa pili, ambako ameandika: "Giza, ongeza." Nimeongeza sentensi moja. Inasema kwamba watu wanane wa kawaida wanaweza kulimudu kasia moja kubwa kwa msimu mmoja wa mvua, mradi wasionane wakiketi.